Pafu jeupe na picha ya zamani ya bibi: kisa cha uvimbe adimu wa mapafu kwa mtoto, Mtwara

Kabla ya kisa

Kisa hiki kilitokea mkoani Mtwara, na familia imeridhia kisimuliwe. Nimeondoa majina, kijiji, hospitali na miaka, na mambo machache yasiyogusa ugonjwa nimeyabadilisha ili mtoto asitambulike. Hapa nitamwita Mjukuu, kwa kuwa ndivyo bibi yake alivyomwita tangu alipoingia mlangoni kwetu hadi alipotoka. Mimi ni mtaalamu wa radiolojia katika hospitali ya rufaa. Kazi yangu ni kupiga eksirei, kuendesha mashine ya sitiskani na kupima kwa ultrasaundi. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa vyumba vya picha na wa wodi za watoto, hasa walio katika hospitali za wilaya, ambako mtoto wa namna hii hufika kwanza.

Usuli

Mjukuu alikuwa na miaka 2 na miezi 10, mtoto wa pili kwa wazazi wake, wakulima wa korosho kwenye uwanda wa juu wa Makonde. Kikohozi kilianza mwezi Juni, wakati mikorosho inapuliziwa salfa kuzuia ubwiriunga. Mtu wa kwetu anajua msimu ule ulivyo: unga wa njano unapaa alfajiri, unaingia nyumbani, unakaa kwenye nguo zilizoanikwa, na nusu ya kijiji inakohoa. Kwa hiyo mtoto alipoanza kukohoa hakuna aliyeshtuka. Baba alisema ni salfa, majirani wakasema ni salfa, na hata mhudumu wa afya wa kijiji aliona hivyo hivyo. Si neno la kumlaumu mtu, kwa sababu watoto wengi waliokohoa mwezi ule kweli walikohoa kwa vumbi na mafua.

Mambo matatu ya usuli yalikuja kuwa na uzito baadaye, ingawa siku ile hayakuandikwa kwenye faili lolote. Kwanza, Mjukuu aliwahi kulazwa akiwa na miezi 9 kwa kubanwa na pumzi ghafla, akapigwa picha, akapona, akarudi nyumbani. Pili, mjomba wake aliyewahi kuishi nao alitibiwa kifua kikuu miaka miwili kabla. Tatu, aliyemlea kwa kiasi kikubwa ni bibi mzaa mama, mwanamke wa miaka zaidi ya hamsini mwenye rovu shingoni. Mama mtu alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Mtiririko wa matukio

Zahanati walimpima mtoto, wakahesabu pumzi 48 kwa dakika, wakampa vidonge vya amoksilini vya kuyeyusha kwa siku 5. Kwa mtoto wa umri huo pumzi 40 au zaidi ni kasi, na matibabu hayo ndiyo mwongozo unavyotaka. Alipata nafuu kidogo. Wiki iliyofuata homa ikarudi, akapewa tena dawa, na alipofikisha wiki ya tatu akapelekwa hospitali ya wilaya.

Huko alipigwa eksirei. Upande wote wa kulia wa kifua ulikuwa mweupe. Daktari alifikiri ni usaha kwenye utando wa pafu, jambo linalotokea mara kwa mara baada ya nimonia, akaingiza sindano na kutoa mililita 30 za maji yenye damu. Akaweka mrija wa kifua. Kwa siku nne mrija ule ulitoa mililita chache tu, ukatolewa. Mtoto akaendelea na sindano za antibiotiki, homa ikashuka, lakini pumzi haikurudi kuwa ya kawaida na picha ya pili ilikuwa nyeupe vilevile.

Ndipo wazo la kifua kikuu likaingia. Uzito ulikuwa mdogo, kikohozi kilikuwa kimepita wiki nne, mjomba aliwahi kuugua, na picha ilikuwa mbaya. Kipimo cha kinyesi kwa mashine ya GeneXpert hakikuonesha vimelea. Kwa mtoto mdogo kipimo kisichoonesha vimelea hakitoshi kuondoa kifua kikuu, na daktari aliyeanzisha dawa alifuata hesabu ya dalili kama alivyofundishwa. Mjukuu akarudi nyumbani na vidonge vya kuyeyusha vya kifua kikuu.

Miezi miwili ya dawa ilipita. Bibi alituambia kwamba mwezi wa kwanza mtoto alicheza kidogo, wa pili akaacha kucheza. Kwenye kifua chake tulikuta chale mpya tatu, na bibi hakuzificha. Wiki ya mwisho kabla ya kuja kwetu Mjukuu hakuweza tena kulala chali. Alilala usiku kucha akiwa amekaa, kichwa kwenye kifua cha bibi yake.

Alifika kwetu katikati ya Septemba, wiki ya kumi na nne tangu kikohozi kuanza. Alikuwa na uzito wa kilo 10.4, pumzi 62 kwa dakika, na oksijeni ya damu asilimia 88 bila msaada wa mtungi.

Picha yetu ya kwanza

Nilimpiga eksirei akiwa amekaa mapajani kwa bibi. Kulia kote kulikuwa kweupe kama karatasi. Safari hii mtoto alikuwa amenyooka vizuri, jambo ambalo kwenye picha za wilaya halikuwepo: pale mwili ulikuwa umegeuka, na mtoto akigeuka, moyo na bomba kuu la hewa huonekana vimehama hata kama havijahama, au vimetulia hata kama vimesukumwa. Katika picha yetu bomba la hewa lilikuwa limepinda kwenda kushoto, na moyo wote ulikuwa umehamia kushoto hadi unakaribia mbavu.

Upande mmoja wa kifua ukiwa mweupe wote, swali la kwanza ni kama moyo umevutwa au umesukumwa. Pafu lililosinyaa kwa sababu njia yake ya hewa imeziba huvuta kila kitu upande wake. Pafu lililojaa nimonia tupu mara nyingi haliuhamishi moyo, na ndani ya weupe wake huonekana matawi meusi, yaani mirija ya hewa iliyobaki wazi katikati ya pafu lililojaa majimaji. Kinachosukuma ni kitu kilichoongezeka ndani ya kifua: maji mengi, usaha mwingi, au nyama. Kwa Mjukuu hapakuwa na matawi meusi. Mbavu zilikuwa nzima, ila nafasi kati yake zilikuwa zimetanuka kuliko upande wa kushoto.

Eksirei inaishia hapo. Maji na nyama vyote ni vyeupe, na hakuna jicho kali kiasi cha kuvitenganisha kwenye picha hiyo. Daktari wa zamu alijua hivyo, lakini mtoto alikuwa anahema kwa shida na wazo la usaha uliosalia lilikuwa bado kichwani. Aliniita.

"Kaka, niwekee alama tu mahali penye maji mengi. Nataka kuingiza mrija sasa hivi."

Ultrasaundi

Nilianza mgongoni, chini ya bega, mtoto akiwa bado mapajani. Nilitegemea kuona weusi wa maji. Nikaona nyama. Ilianzia karibu na ngozi ikaenda ndani hadi mashine ilipofika mwisho wa uwezo wake, na ndani yake mlikuwa na vishimo vidogo vyeusi vilivyotawanyika kama matundu ya mkate. Maji ya kweli yalikuwa utepe mwembamba juu kabisa, chini ya sentimita moja.

Usaha wa zamani unaweza kudanganya kwenye ultrasaundi. Ukiganda, unakuwa mzito, unajenga nyuzi kama utando wa buibui, na mtu mwenye haraka atauita nyama. Kwa hiyo nilifanya mambo mawili. Nilisubiri mtoto avute pumzi kwa nguvu nione kama kuna chembe zinazozunguka ndani, kwa kuwa usaha ambao haujaganda wote huzunguka. Hakikuzunguka kitu. Kisha nikawasha rangi za kuonesha mwendo wa damu, na katikati ya ile nyama ikatokea mishipa yenye damu inayotembea. Usaha hauna mishipa ndani yake.

Nikashuka tumboni. Diaframu ya kulia, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, ilikuwa imegeuzwa, imebonyea kuelekea chini badala ya kupinda kwenda juu, na ini lilikuwa limesukumwa hadi karibu na kitovu. Waliompapasa tumbo kabla yetu waliandika "ini kubwa". Ini lilikuwa la kawaida, ila limehamishwa. Nilitafuta figo zote mbili kwa makini, kwa sababu uvimbe unaoonekana kwenye pafu la mtoto mara nyingi umetoka kwingine, na uvimbe wa figo wa Wilms ni mmoja wa wanaojulikana zaidi kwa kupeleka mbegu kwenye mapafu. Figo zilikuwa safi, na juu yake sikuona uvimbe.

Nilimwambia daktari: "Usitoboe, daktari. Hapa hakuna maji ya kutoa. Hii ni nyama, na ina damu nyingi."

Alisimama kimya, akaja kutazama mwenyewe kwenye skrini, akaomba nimuoneshe mishipa mara ya pili. Kisha akarudisha mrija kwenye trei. Mpaka leo naona huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote yaliyofanyika kwetu, na aliufanya saa tano usiku, mtoto akiwa anahema mbele yake na kila mtu akitaka aonekane ametenda jambo.

Picha ya bibi

Nilipokuwa nafuta jeli kifuani kwa mtoto, bibi aliuliza: "Mwanangu, na ile ya zamani hamuitaki?"

Alifungua mkoba wa plastiki uliofungwa kwa kipande cha kanga, akatoa filamu ya eksirei ya kweli, ile ya zamani ya kushika mkononi, pembe zake zimekunjamana. Ilikuwa ya Mjukuu akiwa na miezi 9. Aliitunza chini ya godoro tangu siku ile kwa sababu aliyempa alimwambia aitunze. Wilayani hakuitoa kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, na yeye alidhani picha mpya imefuta ya zamani.

Kisanduku chetu cha taa hakikuwa kimewashwa kwa muda mrefu, maana siku hizi picha zetu ziko kwenye kompyuta. Nilikiwasha. Chini kulia, kwenye pafu la mtoto wa miezi 9, kulikuwa na kundi la vifuko vya hewa vyenye kuta nyembamba, na pembeni hewa kidogo iliyovuja nje ya pafu. Maandishi ya kalamu kwenye bahasha yalisema: nimonia, mabaki ya vifuko, apumzike.

Nilizipanga pamoja: vifuko vya hewa penye miezi 9, na mahali palepale nyama iliyojaza nusu ya kifua penye miezi 34. Nimonia haina mwendo huo, wala kifua kikuu.

Sitiskani

Asubuhi tulikaa kujadili sitiskani. Mashine ipo mkoani siku hizi. Zamani picha hiyo ingetaka safari ya kilomita 550 hivi kwenda Dar es Salaam. Hoja iliyotuchelewesha ilikuwa usingizi. Mtoto wa umri huu kwa kawaida hupewa dawa ya kumlaza ili atulie. Lakini mtoto mwenye uvimbe mkubwa kifuani ukimlaza chali na kumlegeza misuli, uvimbe unaweza kukandamiza bomba la hewa na mishipa mikubwa, na pumzi ikakatika pale pale kwenye meza. Mtaalamu wa usingizi alikataa kumlaza, na alikuwa sahihi.

Tulifanya hivi: mtoto hakupewa usingizi kabisa. Bibi alivaa koti la risasi la kuzuia mionzi akaingia naye. Tulimlaza ubavu wa kulia, upande wenye uvimbe ukiwa chini, ili uzito wake usikalie pafu la kushoto lililokuwa likimpa uhai, na mto ukamnyanyua kifua. Kreatinini, kipimo cha figo, ilikuwa nzuri, kwa hiyo tulimpa kontrasti, dawa ya kung'arisha picha, mililita 20, kwa kipimo cha mililita 2 kwa kilo. Nilipunguza nguvu ya mionzi kulingana na uzito wake, maana mashine ikiachwa kwenye mpangilio wa mtu mzima humpa mtoto mionzi asiyoihitaji, na nilipiga mzunguko mmoja tu wenye kontrasti badala ya miwili. Mzunguko wenyewe haukufika sekunde kumi. Bibi alikuwa akimwimbia.

Picha zilitumwa kwa mtandao kwa daktari bingwa wa radiolojia, na jioni alipiga simu. Uvimbe ulikuwa na urefu wa sentimita 11 na upana wa 8, umejaza kulia. Sehemu ya chini ilikuwa nyama iliyoshika kontrasti kwa mabaka, katikati palikuwa na sehemu zilizokufa, na juu palibaki vifuko vyenye kuta nyembamba. Maji yalikuwa kidogo. Hapakuwa na chokaa ndani ya uvimbe, ubavu wowote uliolika, wala uvimbe ulioingia kwenye uti wa mgongo. Kisha akasema jambo ambalo mimi sikuliona: kwenye pafu la kushoto, lile tulilolisifu kuwa zima, kulikuwa na kifuko kimoja cha hewa cha milimita 6.

Jinsi tulivyofikiri

Bingwa alitupitisha hatua kwa hatua, nami nayaandika kama nilivyoyashika. Saratani ya Ewing ya ukuta wa kifua inaweza kujaza upande mzima hivi hivi, lakini kwa kawaida hula ubavu, na mbavu za Mjukuu zilikuwa nzima. Nyuroblastoma, saratani ya neva ya watoto wadogo, hukaa nyuma kando ya uti wa mgongo, mara nyingi ina chokaa, na hupenda kupenya kwenye matundu ya uti. Uvimbe wa teratoma ungeonesha mafuta au chokaa. Limfoma, saratani ya tezi, ingeanzia katikati ya kifua mbele, na mwendo wake ni wa siku na wiki. Kifua kikuu cha mtoto hujitangaza kwa tezi zilizovimba kando ya bomba la hewa, na hapa tezi hazikuwepo. Kuhusu figo tulikwisha kutazama.

Kilichobaki ni uvimbe adimu unaoanzia kwenye pafu lenyewe au utando wake, uitwao pleuropulmonari blastoma. Ulitambuliwa kama ugonjwa unaojitegemea mwaka 1988. Huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka 6 au 7, na una aina tatu zinazofuatana na umri. Ya kwanza ni vifuko vitupu vya hewa, kwa watoto wachanga hadi mwaka mmoja na kitu. Ya pili ni mchanganyiko wa vifuko na nyama, ya tatu ni nyama tupu, na hizi huonekana zaidi kati ya miaka 2 na 4. Aina ya kwanza isipoondolewa inaweza kukomaa kuwa ya pili au ya tatu. Filamu ya bibi ilikuwa imeukamata ugonjwa ukiwa bado vifuko.

Kwa picha peke yake, vifuko vya aina ya kwanza havitofautishiki kwa uhakika na vifuko vya kuzaliwa navyo ambavyo si saratani. Hata bingwa asingeweza kuapa kwa filamu ile. Lakini vifuko vingi, hewa inayovuja, vifuko kwenye mapafu yote mawili, au ugonjwa wa namna hii kwenye ukoo, ni mambo yanayotaka mtoto afuatiliwe kwa sitiskani na aonwe na daktari wa upasuaji.

Maamuzi na sababu zake

Tulijadili kama tuchukue kinyama cha kupima maabara hapa hapa, tukaamua hapana. Uvimbe ulikuwa na mishipa mingi, mtoto hakuwa na akiba ya pumzi, na kinyama kimoja kilichochukuliwa vibaya au kuwekwa kwenye formalini (dawa ya kukihifadhi) isiyofaa kingemlazimisha achomwe mara ya pili. Hospitali ya taifa walikubali kumpokea na wakaomba asichomwe tena. Dawa za kifua kikuu zilisimamishwa baada ya kuzungumza na mratibu wa kifua kikuu, kwa maandishi, ili njiani asitokee mtu wa kuzianzisha upya.

Kazi ngumu ilikuwa nyumbani. Korosho zilikuwa zimeanza kudondoka, na korosho isiyookotwa kwa wakati inaoza au inaibwa. Fedha yake haiji siku ya kuokota. Inasubiri mnada na malipo ya chama cha msingi. Baba alituambia wazi kwamba hana nauli wala mtu wa kumwachia shamba. Babu mzaa baba alitaka mtoto arudishwe nyumbani wiki moja, "tulimalize la kwetu kwanza."

Daktari hakubishana nao. Alimwita babu chumbani kwangu, akamwamkia, akamkalisha mbele ya kisanduku cha taa na kuzipanga picha mbili. "Babu, hii ni miezi tisa. Hii ni jana." Yule mzee alizitazama kwa muda mrefu, akaweka kidole kwenye vifuko, kisha kwenye weupe. "Kimekula hapa pote?" Daktari akaitikia. Mzee akasema, "Basi nendeni. La kwetu nitalifanya mimi huku." Ofisa ustawi wa jamii alishughulikia msamaha wa gharama, baba akabaki na shamba, na bibi ndiye aliyesafiri, mama akiwa hawezi barabara ile kwa mimba yake. Mtoto alikwenda kwa gari la wagonjwa akiwa ameketi, oksijeni puani, muuguzi pembeni. Sitiskani yake ilikuwa kwenye diski, na nakala kwenye simu ya daktari.

Matokeo

Hospitali ya taifa walichukua kinyama kwa sindano nene wakiongozwa na picha, na patholojia ikathibitisha pleuropulmonari blastoma ya aina ya pili. Alipigwa picha ya ubongo pia, kwa sababu aina ya pili na ya tatu zikisambaa, ubongo ndio mahali zinapopenda kwenda. Ubongo ulikuwa safi. Alianza kemo, yaani dawa za kuua saratani, na baada ya mizunguko minne uvimbe ulikuwa umepungua zaidi ya nusu. Akafanyiwa upasuaji, sehemu mbili za chini za pafu la kulia zikatolewa pamoja na uvimbe, kisha kemo ikaendelea hadi mwisho. Kifuko cha kushoto kiliachwa na kinafuatiliwa.

Mara ya mwisho nilipompiga picha ulikuwa umepita mwaka mmoja na miezi miwili tangu amalize kemo. Alikuja akikimbia. Takwimu za kimataifa zinasema kwamba watoto waliokutwa kwenye aina ya kwanza, karibu 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Wa aina ya pili ni 7 kati ya 10 hivi. Wa aina ya tatu ni karibu nusu. Bado hajafikisha miaka 5 tangu agunduliwe, na sisemi amepona.

Uchambuzi

Zahanati haikukosea, na naomba msomaji asiishie kuwalaumu watu wa chini. Nimonia ni nyingi, ugonjwa huu ni adimu sana, na hesabu ya pumzi na amoksilini huokoa watoto wengi kila mwaka. Kosa lilianza pale matibabu yaliposhindwa na picha ikabaki ile ile. Mrija unaotoa mililita chache kwa siku nne huku kifua kikiwa cheupe vilevile ni jibu tayari: kilichopo ndani si maji. Hospitali ya wilaya ilikuwa na ultrasaundi, ikitumika zaidi kliniki ya wajawazito. Hakuna aliyefikiri kuitoa kliniki na kuiweka kifuani kwa mtoto, na kusema kweli, wengi wetu hatukufundishwa hivyo.

Sindano na mrija ule vilikuwa na hatari ambayo hakuna aliyeiona wakati ule: kuvuja damu kutoka kwenye uvimbe, na kumwaga mbegu za saratani kwenye njia ya mrija. Mjukuu aliponea. Kwetu sasa, kifua cheupe cha mtoto hakiguswi na sindano kabla ya ultrasaundi, hata usiku, hata kama mtaalamu aitwe kutoka nyumbani. Inachukua dakika kumi.

Picha iliyopigwa mtoto akiwa amegeuka ilitugharimu muda pia. Hilo ni la watu wa fani yangu. Mtoto analia, mama anaogopa, foleni ni ndefu, tunapiga na kusema inatosha. Haikutosha. Tungeona wiki ya tatu kwamba moyo umesukumwa.

Kuhusu kifua kikuu, kuanza dawa kulikuwa na hoja. Kilichokosekana ni tarehe ya kujiuliza upya. Mtoto aliyeanzishwa dawa bila vimelea kuonekana alipaswa kupigwa picha nyingine mwisho wa mwezi wa kwanza na kupimwa uzito kila wiki mbili. Alipewa dawa za miezi miwili na kuambiwa arudi zikiisha.

Filamu ya bibi inanisumbua zaidi kuliko mengine. Ilikuwepo kwa sababu ilikuwa filamu. Leo mtoto wa miezi 9 akipigwa picha kwetu, hubaki kwenye kompyuta yetu, mama anaondoka na karatasi ya majibu au pasipo chochote, na hospitali ya jirani haiwezi kuiona. Nimeanza kumpa kila mzazi wa mtoto mwenye picha isiyo ya kawaida nakala kwenye simu yake, na kuandika tarehe na neno "tunza" kwenye daftari la kliniki. Pia nauliza, kabla ya kupiga: aliwahi kupigwa picha nyingine? Iko wapi?

Jambo la mwisho tulilolikosa lilikuwa limekaa mbele yetu wiki nzima. Mwaka 2009 ilibainika kwamba watoto wengi wenye uvimbe huu wamerithi kasoro kwenye jeni iitwayo DICER1. Wanaoibeba, wengi wao hawaugui mapafu kamwe, lakini baadhi hupata vinundu kwenye tezi ya shingo, vifuko kwenye figo, au uvimbe kwenye ovari. Kwenye nchi yenye rovu nyingi za upungufu wa madini joto, nani angelitazama rovu la bibi na kufikiria pafu la mjukuu? Hospitali ya taifa ndio waliomuuliza lini lilianza. Alianza nalo akiwa msichana wa miaka kumi na tano, na dada yake alifanyiwa upasuaji wa lake.

Waliporudi nilimpima mama shingo. Alikuwa na vinundu vinne, kimoja cha sentimita moja na nusu, naye hakuwahi kuvihisi. Kipimo cha jeni hakijafanyika kwa familia hii, kwa hiyo tunatumia picha kana kwamba jibu ni ndiyo. Mtoto mchanga aliyezaliwa wakati kaka yake yuko Dar alipigwa eksirei wiki aliyozaliwa, na sitiskani ya mionzi midogo akiwa na miezi 5. Zote zilikuwa safi. Anarudi kila baada ya miezi minne hadi sita, na itakuwa hivyo mpaka afike miaka 8. Bibi ndiye anayemleta. Nikimaliza hunidai nakala ya karatasi, hata nikimwambia iko kwenye simu ya mama, kisha anaiweka kwenye ule mkoba wa plastiki pamoja na filamu ya kaka yake, na kuufunga kwa kipande cha kanga.